Kutazama ndege kwenye mlango wa mto: fuata maji, usifuate jogoo

MfuataMaji

Wakuu, salaam kwenu.

Kila anayeanza kutazama ndege hupewa ushauri uleule: amka mapema, jogoo akiwika uwe umeshafika. Kwa msituni sina ubishi. Ndege wa msituni huimba alfajiri, na jua likipanda hunyamaza. Lakini kwenye mlango wa mto, pale maji baridi yanapoingia baharini, ushauri huo unaweza kukupoteza kabisa. Utafika gizagiza la alfajiri ukute maji yamekupwa mpaka mwisho, tope limetandaa hadi macho yanachoka, na ndege wote ni vijidoti vya kijivu huko mbali. Mtu anarudi akisema pale hakuna ndege. Walikuwepo, tena kwa maelfu, ila walikuwa kazini.

Hawa ndege wa tope, yaani vitwitwi, sululu na jamaa zao, hawaishi kwa jua, wanaishi kwa maji. Yakipwa wanatawanyika kula, yakijaa wanakusanyika sehemu kavu kusubiri, na mzunguko huo unaendelea hata usiku wa manane. Kati ya kujaa na kujaa hupita kama saa 12 na dakika 25, kwa hiyo kila siku maji hujaa yakiwa yamechelewa kwa takriban dakika 50 kuliko jana yake. Maana yake saa iliyokupendeza Jumamosi hii kwa sababu maji yalijaa, Jumamosi ijayo saa hiyohiyo yatakuwa yamekupwa.

Ninavyofanya mimi: naangalia jedwali la maji, nafika masaa mawili hivi kabla hayajajaa, nachagua mahali ambapo jua litakuwa mgongoni mwangu, nakaa. Sitembei. Maji yenyewe yanalimeza tope kidogo kidogo na kuwasogeza ndege upande wangu. Kazi yangu ni kutulia tu.

Na kwa nini wajazane mlangoni hapo na siyo ufuo mwingine? Mto hushuka na udongo laini sana. Chembe zake zikikutana na chumvi hushikana, zinakuwa nzito, zinazama. Ndiyo maana kuna tope pale na siyo mchanga mtupu. Ndani ya tope hilo kuna minyoo, kome, konokono wadogo na kaa, wengi kuliko unavyoweza kufikiria ukiliangalia juu juu.

Nafungua uzi tupeane uzoefu. Watu wa bahari mnakaribishwa zaidi.

Mpekuzi77

Naweka kiti hapa. Mkuu, kwani darubini ya kawaida inatosha au lazima ile ndefu ya miguu mitatu?

MfuataMaji

Anza na ya mikononi, 8x42 (inayokuza mara 8, lenzi ya mbele milimita 42) inatosha sana. Teleskopu inaanza kuwa na maana ukitaka kusoma pete ambazo watafiti huwafunga ndege miguuni au kuhesabu kundi lililo ng'ambo. Halafu usidanganyike na namba kubwa. Jua la mchana likilichoma tope, hewa inachezacheza. Hata ukuze mara 60 unachoona ni mvuke tu. Mara 20 au 30 ndizo zinazotumika siku nyingi.

MzeeNgalawa

Vijana, nimesoma. Alichosema mwenye uzi ni kweli lakini amekata kipande. Maji hayalingani.

Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, siku moja mbili baada ya hapo ni bamvua. Yanajaa sana na yanakupwa sana. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Sasa ndege naye ana hesabu yake. Siku ya bamvua mafungu yote ya mchanga yanazama, hana pa kusimama, basi utamwona anakupita juu anakwenda zake mbali, kwenye mabwawa ya chumvi au uwanda wowote mkavu. Siku ya maji mafu fungu la katikati ya mto linabaki wazi, anasimama palepale, hana shida na wewe. Siku tamu ni zile za katikati, maji yanapoanza kupata nguvu lakini hayajafunika kila kitu.

Jambo la pili, jedwali halijui upepo. Upepo ukitoka baharini unayasukuma maji yanapanda kuliko yalivyoandikwa, na yanawahi. Mto nao ukiwa umefurika kwa mvua za bara, ni hivyohivyo.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Maji hayaji kwa mbele tu. Yanaingia kwanza kwenye hori, vile vijito vya maji ya bahari, zilizo nyuma yako. Wewe umekodolea ndege walio mbele, ukigeuka, ulikopita kumekuwa mkondo na tope la chini yake halina mwisho. Kabla hujakaa, tazama njia ya kurudi ipo upande gani na ni wapi palipo chini zaidi. Ukiona kijito kilichokuwa kikavu kimeanza kung'aa, ondoka.

BintiMikoko

Shikamoo Mzee. Hilo la hori za nyuma halimo kwenye vitabu vyote nilivyosoma.

MzeeNgalawa

Marahaba binti yangu. Walioandika walikuwa na boti.

Mbishi_Asilia

Mimi nasimama upande wa pili. Mnasifia kujaa, lakini ndege aliyesimama kwa mguu mmoja kichwa kimefichwa mgongoni ana faida gani? Unaona kama mito ya kulalia ya kijivu imepangwa. Ndege mzuri kumtazama ni yule anayekula, na anakula kwa pupa zaidi maji yanapoanza kushuka, amekaa na njaa masaa. Ule ukanda wa kwanza wa tope unaofunuka karibu na ufuo ndio wanaoukimbilia wote kwa pamoja. Nafika maji yakiwa yamejaa, nakunywa chai, nasubiri yageuke. Wanakuja wenyewe mpaka miguuni.

MfuataMaji

Sikatai, ndugu yangu. Kwa kujifunza tabia, ukanda wa kwanza hauna mpinzani. Lakini kwa kuhesabu, au kwa kumtafuta mmoja wa ajabu ndani ya kundi la elfu mbili, nataka wamesimama. Wakishatawanyika tu umewakosa. Halafu kuna milango ya mito ambayo maji yakishuka, tope la kwanza kufunuka liko ng'ambo, siyo upande wa mtazamaji. Inabidi kuijua sehemu yako.

BintiMikoko

Jamani tatizo langu siyo saa. Tatizo langu ni kwamba wakiwa nje ya msimu wa kuzaa, wote wamevaa kijivu juu na nyeupe chini kama sare ya shule. Nafungua kitabu, kurasa sita za ndege mmoja. Mnawatenganishaje?

Darubini_Kuukuu

Dada BintiMikoko, funga kitabu kwanza. Rangi ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Tazama anavyotembea.

Kuna kabila mbili kubwa kwenye tope. La kwanza ni wanaowinda kwa macho: macho makubwa, mdomo mfupi. Anakimbia hatua chache, anasimama ghafla, anatazama, anadonoa, anakimbia tena. Huyo ni wa jamii ya Charadrius au Pluvialis (natumia majina ya kisayansi, ndiyo yaliyo kwenye vitabu). La pili ni wanaowinda kwa kupapasa: anakwenda kichwa chini, mdomo unashona tope bila kupumzika. Hao ndio jamii ya vitwitwi. Ukishajua kabila tu umefuta nusu ya kitabu.

Kisha njoo kwenye vituko vya mmoja mmoja. Actitis hypoleucos anatikisa makalio muda wote, na akiruka anakwenda chini juu ya maji kwa mabawa yaliyokakamaa. Huyo hata bila darubini unamtaja. Calidris alba anakimbizana na wimbi ufuoni, linakuja anakimbia, linarudi anarudi nalo. Arenaria interpres anapindua mawe na mwani. Xenus cinereus ana mdomo uliopinda kwenda juu na miguu ya manjano, anafukuza kaa kwa mbio za kuinama kama amepoteza kitu. Numenius phaeopus, sululu mdogo, ana michirizi kichwani na mdomo unaopinda chini. Pluvialis squatarola akiwa amesimama ni wa kijivu kama wengine wote, lakini akiinua bawa tu, kwapa ni jeusi tii. Subiri aruke. Tringa nebularia hata humtafuti, anajitangaza mwenyewe kwa sauti tatu kali, tyu-tyu-tyu, anapoondoka.

Ukipata saba hao kwa uhakika umepata msingi. Waliobaki unawapima kwa hao: huyu ni mdogo kuliko Calidris alba? Mdomo ni mrefu kuliko kichwa? Ndiyo maana kundi lililochanganyika ni rahisi kuliko ndege mmoja aliyesimama peke yake, ingawa wageni hudhani kinyume chake.

Mpekuzi77

Na wale wenye midomo mirefu sana, wanaona vipi kilichomo ndani ya tope?

Darubini_Kuukuu

Hawaoni, wanahisi. Ncha ya mdomo ina vishimo vilivyojaa mishipa ya fahamu. Mwaka 1998 watafiti wa Uholanzi walionyesha jambo la ajabu kwa kitwitwi aitwaye Calidris canutus: anagundua kome aliyefukiwa bila kumgusa. Akichomeka mdomo kwenye mchanga wenye maji, msukumo unaenda, ukikutana na kitu kigumu unabadilika, naye anajua. Kisha anammeza kome mzima na gamba lake, firigisi inamaliza kazi.

Ndiyo maana urefu wa midomo unatofautiana. Numenius madagascariensis, mwenye mdomo mrefu kuliko ndege wote wa jamii hii, anafika kwenye mashimo ambayo kitwitwi hawezi hata kuyaota. Hapo wanaweza kula fungu moja la tope bila kugombana sana. Na kuna Calidris mauri wa pwani za Amerika, huyo analamba utando wa vijimea vilivyo juu ya tope kwa ulimi wenye vinywele. Hilo lilichapishwa mwaka 2008. Kabla ya hapo watu walimwona akidonoa tope tupu na hawakuelewa anakula nini.

Lenzi600

Wakuu, mimi ni mtu wa picha. Picha nzuri ya kundi ni likiwa hewani, limegeuka pamoja, nyeupe, kijivu, nyeupe. Sasa wakisimama tu masaa mawili mtu afanyeje? Mimi huwa natembea kuelekea kwao taratibu mpaka waruke. Wanazunguka, wanatua tena, hakuna aliyeumia. Sioni kosa.

MfuataMaji

Kaka Lenzi600, hapo nakupinga bila kuzunguka.

Ndege unayemrusha huenda yuko katikati ya safari. Fikiria Limosa lapponica, mmoja wa hao ndege wa tope wenye midomo mirefu. Mwaka 2007 jike mmoja aliyefungwa kifaa cha setilaiti aliruka kutoka Alaska mpaka New Zealand, zaidi ya kilomita 11,000, kwa siku kama 8, bila kutua. Mwaka 2022 kinda aliyezaliwa mwaka huohuo akaenda kutoka Alaska mpaka Tasmania, takriban kilomita 13,560, kwa siku 11. Huyu siyo bata, hawezi kutua baharini akapumzika kisha akaondoka. Kabla ya kuruka anakula mpaka karibu nusu ya uzito wake inakuwa mafuta, na matumbo yenyewe yananywea ili apunguze mzigo. Mafuta hayo yote anayapata kwenye tope, na tope liko wazi masaa machache tu kila mzunguko.

Ukimrusha wakati wa kujaa, anachoma mafuta aliyoyatafuta jana usiku. Ukimrusha wakati wa kupwa, unamkatia saa ya kula. Wewe umekuja mara moja. Baada yako anakuja mwenye mbwa, baada yake mwenye droni, baada yake mwingine mwenye lenzi kama yako. Ndege anahesabu wote.

Lenzi600

Sawa, lakini mwewe anawarusha kila siku na hamumlaumu.

Mbishi_Asilia

😂😂 Hapo amekukamata, mkuu.

MfuataMaji

Hajanikamata. Mwewe ndiye anayekupa picha yako. Kaa kimya, furukombe au kipanga atapita tu, kundi zima litainuka na kugeuka kama unavyotaka, na utaipata ukiwa umeketi. Kama hakupita, maji yakipanda yatawainua wenyewe kutoka fungu hadi fungu. Picha za kundi zinazosifiwa zaidi zimepigwa na watu waliosubiri.

Darubini_Kuukuu

Niongeze kidogo. Kuna dalili kabla hawajaruka. Waliolala wanainua vichwa. Kisha wanaanza kutembea wote upande mmoja, wakikuacha. Kisha sauti. Ukiona vichwa vimeinuka umeshakaribia kupita kiasi, rudi nyuma hatua kadhaa na uchuchumae. Ukirudi mapema wanalala tena mbele yako.

Lenzi600

Hilo la vichwa nitalijaribu. Sijakubali yote, lakini nitalijaribu.

Mpekuzi77

Wakuu, lakini bahari ni ndefu. Tope likiharibika hapa si watahamia jirani?

BintiMikoko

Hilo swali lilijibiwa Korea Kusini. Kule Saemangeum, kwenye Bahari ya Njano, walijenga ukuta wa zaidi ya kilomita 33 kukata milango ya mito miwili, na mwaka 2006 ukaziba maji kabisa. Eneo lilikuwa kituo kikubwa cha kitwitwi aitwaye Calidris tenuirostris anaposafiri kati ya Australia na Siberia. Hoja ilikuwa ileile, kwamba watahamia jirani. Sehemu za jirani hazikuonyesha ongezeko la kufidia waliopotea, na huko Australia wanakokaa nje ya msimu wa kuzaa hesabu zao zikashuka. Jirani nako kulikuwa kumeshajaa. Kila tope zuri lina wenyewe.

Baadaye mambo yalibadilika kidogo. China iliingiza sehemu za tope za bahari hiyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2019, na Korea Kusini ikafuata mwaka 2021.

Darubini_Kuukuu

Na asidhani mtu kwamba aina nzima haiwezi kwisha. Numenius tenuirostris, sululu mwembamba aliyekuwa akizaa Siberia na kuhamia pande za Mediterania, mara ya mwisho alithibitishwa mwaka 1995 huko Merja Zerga, Morocco, wangwa wa pwani uleule ambao watu walikuwa wakienda mahsusi kumtazama. Miaka ikapita watu wakimtafuta kila mahali. Oktoba 2025 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ikamtangaza kuwa ametoweka. Kinachoniumiza ni kwamba kwa mbali alifanana sana na sululu wengine. Pengine wapo waliomwona na hawakuangalia mara ya pili.

Mbishi_Asilia

Ndiyo maana nasema hesabu zetu sisi watu wa kawaida zina maana. Kila Januari kuna hesabu ya kimataifa ya ndege wa maji, imekuwepo tangu 1967. Hawahitaji profesa, wanahitaji mtu anayeijua sehemu yake na maji yake. Mzee wa ngalawa angefaa kuliko sisi sote humu.

MzeeNgalawa

Kuhesabu naweza. Majina yao ya Kilatini mtaandika wenyewe.

Mpekuzi77

Kundi la elfu mbili mnalihesabuje, kwani? Wanatembea, wanaingiliana.

MfuataMaji

Huhesabu mmoja mmoja. Hesabu kumi, uone kumi inachukua nafasi gani kwenye darubini. Kisha uone mia ina ukubwa gani. Pitisha mia hizo juu ya kundi kutoka upande mmoja hadi mwingine. Rudia kutoka upande wa pili. Zikitofautiana sana rudia tena. Angalia tu kwamba pembezoni huwa wametawanyika na katikati wamebanana, ukitumia kipimo cha pembezoni utawapunguza sana. Kisha chukua sampuli: katika kila mia, wangapi ni Calidris ferruginea, wangapi wengine. Hapo kundi limesimama, maji yamejaa. Ndiyo ile hoja yangu kwa ndugu Mbishi.

Mbishi_Asilia

Nimeisikia. Bado nakuja wakati wa kupwa.

BintiMikoko

Swali la mwisho kwangu. Kuna kitwitwi nilimwona ana kibendera cha plastiki mguuni chenye maandishi, na pete ya chuma mguu mwingine. Nikimwona tena nifanye nini?

Darubini_Kuukuu

Andika kila kitu kabla hujashusha darubini, kwa sababu kumbukumbu inachanganya kushoto na kulia haraka sana. Kushoto na kulia ni kwa ndege mwenyewe, siyo kwako unayemtazama kwa mbele. Andika kibendera kiko juu au chini ya goti. Kile tunachokiita goti kwa kweli ni kifundo cha mguu, goti lenyewe limejificha kwenye manyoya, lakini wote wanaandika goti na wanaelewana. Andika rangi ya kibendera, rangi ya maandishi, herufi na namba. Rangi za vibendera hupangwa kwa eneo alikofungiwa, hivyo hata ukikosa herufi, rangi na mahali vilipokaa vinaweza kueleza ametoka wapi. Pete ya chuma nayo itaje, upande gani.

Kisha tarehe, saa, mahali, na maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa. Tuma kwa kituo kinachosimamia pete za ndege nchini kwako au kwa mradi wa rangi hizo. Wengi hurudisha jibu lenye historia ya ndege huyo, alifungwa wapi na nani wengine wamemwona. Ukisoma herufi moja tu kati ya mbili, tuma hiyo moja na useme ya pili hukuiona. Usijazie.

BintiMikoko

Asante kaka. Kesho maji yanajaa saa tisa alasiri, nitakuwa pale saa saba. Mzee, upepo unasemaje?

MzeeNgalawa

Unatoka baharini tangu jana. Nenda saa sita.